MAJI YALIYONG'AA

Najua kurasa hizi huwa na visa vya ajali barabarani, majambazi usiku wa manane na safari za mbugani. Mimi sijavamiwa na jambazi wala sijamwona simba ila kwenye picha. Kisa changu ni cha samaki wanne, tangi moja la kioo na maji. Usicheke kabla hujafika mwisho.

Mjomba wangu, ndugu mdogo wa Mama, alikuwa mlinzi katika ofisi moja hapa Nairobi. Ofisi ilipohama, wenyewe hawakutaka kusumbuka na tangi la samaki lililokuwa pale mapokezi. Wakamwambia alichukue akitaka. Basi jioni moja tulisikia mkokoteni ukigugumia nje ya ploti yetu, Eastlands, na huyo Mjomba, jasho likimtiririka, amekumbatia kioo kama mtoto mchanga. Samaki walikuwa ndani ya ndoo mbili zilizofunikwa kwa leso. Majirani walitoka wote. Wengine waliuliza kama wanaliwa.

Walikuwa samaki wa dhahabu. Nilikuja kusoma baadaye kwamba samaki hawa asili yao ni Uchina, ambako watu walianza kuwafuga na kuwachagua kwa rangi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Ndugu yangu mdogo, kitinda mimba wetu mwenye miaka mitano, hakungoja historia. Aliwapa majina papo hapo: Sultani, Chungwa, Pilipili na Bibi. Bibi alikuwa mweupe na mnene, mwenye mwendo wa maringo.

Tangi lenyewe lilikuwa na urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 30, nasi tulijaza maji hadi kimo cha sentimita 30. Ukipiga hesabu utapata lita 54. Chini kulikuwa na kokoto ndogo, na pembeni pampu ya hewa iliyosukuma mapovu kupitia sponji. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Lita 54 zilikuwa bahari ya samaki wale, nasi tukiwa miungu wadogo wa bahari hiyo bila kujua.

Miezi minne baadaye Mjomba alipata kazi ya ulinzi Qatar, mkataba wa miaka miwili. Usiku wa kuamkia safari aliniita sebuleni. Akasema, "Sikia. Hawa nakuachia wewe. Si mama yako, si huyu mtoto. Wewe. Kila wiki toa maji kidogo, robo hivi, urudishe mengine yaliyolala kwenye ndoo. Sponji usiisugue sana. Chakula kidogo. Nikirudi nataka niwakute wanne."

"Sawa, Mjomba," nikasema. Nilijiona mtu mzima. Lakini nakiri kwamba moyoni nilifikiri maagizo yale ni ya uvivu. Maji robo? Sponji isisuguliwe? Nyumbani kwetu chombo kikichafuka huoshwa mpaka kiimbe.

Miezi ya kwanza nilifuata maagizo. Kisha mitihani ikaanza, na Jumamosi ikawa siku ya kufua, kupiga pasi na kumaliza kazi za shule. Wiki moja nikaruka, na ya pili. Kumbe ndugu yangu naye alikuwa akiwapa karamu kisirisiri: mkate asubuhi, ugali jioni. Samaki wa dhahabu hana tumbo la kuhifadhi chakula kama letu, naye hachoki kuomba. Ukisogea tu karibu na kioo huja mbio akifungua mdomo. Mtoto aliona ana njaa, akampa. Akaona bado ana njaa, akampa tena.

Maji yakaanza kuwa na ukungu mweupe, kama maji yaliyooshewa mchele. Ilikuwa wiki ambayo wanachama wa chama cha Mama walikuwa waje kwetu, kwa maana ilikuwa zamu yake. Siku ya Ijumaa Mama alisimama mbele ya tangi, mikono kiunoni.

"Haya maji ni aibu," akasema. "Wageni watasema tunafuga vyura."

Neno lile lilinichoma. Jumamosi niliamka alfajiri, jogoo wa jirani bado akisitasita. Niliwatia samaki kwenye karai. Nikamwaga maji yote, narudia, yote, hadi tone la mwisho. Kokoto nilizifikicha kwa sabuni ya unga, nikazisuuza mara tatu. Sponji niliikamua chini ya mfereji mpaka ile rangi ya kahawia ikaisha ikawa nyeupe kama mpya. Kwa bahati nzuri, au niseme mbaya, maji ya mgao yalikuwa yamekuja usiku ule, basi nikajaza tangi moja kwa moja kutoka mferejini. Yalikuwa baridi na yakinuka dawa kidogo. Nikawarudisha wenyewe.

Lo! Maji yalimetameta. Ungedhani samaki wanaelea hewani. Akina mama walipofika walisahau chai wakaketi wakitazama. "Msichana wako ni msafi kweli," mmoja akamwambia Mama. Mama alitabasamu, nami nikavimba kichwa.

Wahenga waliponena kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu, sijui kama walikuwa na samaki akilini.

Usiku nilipoenda kuzima taa niliwaona wote wanne juu, midomo nje ya maji, wakitweta. Nilidhani wanaomba chakula. Asubuhi ya Jumapili matamvua yao yalikuwa mekundu kama yaliyopakwa pilipili, na Sultani alikuwa amelala ubavu. Jioni akafa. Jumatatu niliporudi kutoka shuleni Bibi naye alikuwa akielea, tumbo juu, ndani ya maji maangavu kuliko maji yoyote niliyowahi kuona.

Nilifanya nini? Niliwafunga kwenye gazeti, nikawazika ndani ya gunia moja la udongo lililokuwa nyuma ya nyumba, ambalo Mama alikuwa amekusudia kupanda sukuma wiki. Ndugu yangu alipouliza nilimwambia tumewaazima kwa rafiki yangu mwenye tangi kubwa. Mama hakuhesabu samaki, alikuwa na mengi ya kuhesabu. Na Mjomba alipotuma ujumbe wiki ile kwa simu ya Mama, "Watoto wangu wa majini hawajambo?", nilitafuta picha ya zamani, wakiwa wanne, nikamtumia. Nikaandika chini yake: "Wote wazima. Ona maji yalivyo safi." Akajibu kwa picha yake, amesimama mbele ya ghorofa ndefu za vioo zinazong'aa juani, anatabasamu.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa siku tisa.

Siku ya tisa tulikuwa na somo la Biolojia. Mwalimu alikuwa anafundisha Ikolojia, akachora ubaoni mzunguko wa nitrojeni. Mimi nilikuwa nanakili tu, mawazo yako kwingine, mpaka alipotamka neno amonia. Alisema wanyama wengi wa majini hutoa uchafu wao kwa njia ya amonia, na kwamba amonia ni sumu. Kisha akachora mishale miwili. Kuna bakteria, kama wale wa jamii ya Nitrosomonas, wanaogeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kuna wengine, kama Nitrobacter, wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali huo na ni mbolea ya mimea.

"Bakteria hawa wanaishi wapi?" akauliza darasa.

"Udongoni," tukajibu kwa pamoja.

"Udongoni, na popote palipo na maji, hewa na kitu cha kujishikiza. Juu ya mawe. Juu ya majani."

Juu ya kokoto, nikajiambia. Juu ya sponji ya kahawia. Kalamu ilinianguka.

Kipindi kilipokwisha nilimfuata Mwalimu kwenye korido. "Mwalimu, kama mtu ana tangi la samaki, halafu aoshe kila kitu kwa sabuni, halafu aweke maji ya mfereji..." Hakuningoja nimalize.

"Wamekufa wangapi?" akauliza.

"Wawili."

"Na wawili waliobaki unataka kuwaokoa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa karibu, nami sikutaka wavulana wa darasa letu waone.

Mwalimu alinieleza polepole pale pale, vitabu vyake kwapani. Maji ya baraza hutiwa klorini ili kuua vijidudu tusiugue sisi binadamu. Klorini hiyo hiyo huunguza matamvua ya samaki, na huua bakteria wale wema. Ndiyo maana Mjomba alisema maji yalale kwenye ndoo wazi siku moja au mbili, klorini ipate kupaa. Sabuni ikibaki kidogo tu nayo hudhuru matamvua. Maji baridi ya ghafla humshtua samaki. Lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa sponji. Ule uchafu wa kahawia haukuwa uchafu mtupu. Lilikuwa jeshi zima, lililojijenga kwa miezi, likifanya kazi usiku na mchana bila mshahara. Nililikamua nikalimwaga kwenye mtaro.

"Amonia haina rangi," Mwalimu akasema. "Maji yanaweza kuwa maangavu kama kioo na yakawa na sumu ya kuua. Na yanaweza kuwa na rangi kidogo, samaki akaishi humo miaka. Macho pekee hayatoshi."

Nikamwuliza, "Sasa nitafanyaje?" Akaniambia jeshi lile hujijenga upya, lakini huchukua kama wiki nne hadi nane. Kwa muda huo sumu lazima ipunguzwe kwa mkono. Nitoe robo ya maji kila siku ya pili, nirudishe yaliyolala. Chakula kiwe kidogo sana, kile wanachoweza kukimaliza kwa dakika mbili, mara moja kwa siku. Pampu isizimwe kamwe, kwa sababu bakteria nao wanahitaji oksijeni. Akaongeza kuwa lita 54 zilikuwa chache kwa samaki wanne wa aina ile, maana wakitunzwa vizuri wanaweza kufika sentimita 20 na zaidi.

Nilirudi nyumbani nikipiga hesabu. Robo ya lita 54 ni kama lita 13. Kila siku ya pili. Mtaani kwetu mfereji hutoa maji siku chache tu kwa wiki, siku nyingine tunanunua kwa mitungi ya lita 20. Hakuna namna mtu anaweza kumwaga lita 13 kila siku ya pili katika nyumba yetu na Mama asijue. Mitungi yetu Mama anaijua kama anavyojua watoto wake.

Ilinibidi niseme.

Nilimkuta anachambua mboga. Nikaketi kwenye kigoda karibu naye, nikasema yote kwa pumzi moja: sabuni, Sultani, Bibi, gunia, picha. Sikumwambia kwamba ni yeye aliyesema maji ni aibu. Nadhani alikumbuka mwenyewe, kwa maana kisu kilisimama.

"Na mjomba wako?" akauliza baada ya kitambo.

"Sijamwambia."

"Utamwambia wewe. Mimi sitakusemea." Akaendelea kukata. Halafu, "Na hayo maji ya kumwaga kila siku mbili, wewe unajua ni pesa?"

Hapo ndipo Biolojia iliponifaa tena. Nilimwambia maji yanayotoka kwenye tangi si ya mtaroni, yana nitrati, na nitrati ni mbolea. Tukapanda sukuma wiki kwenye magunia mawili nyuma ya nyumba, na dania kwenye mkebe wa rangi. Kila siku ya pili nilinyonya maji kwa mpira mwembamba, nikipitisha ncha yake katikati ya kokoto ili yatoke pamoja na kinyesi na makombo. Nayo ndoo hiyo ikaenda moja kwa moja kwenye magunia. Mama alinung'unika wiki mbili. Wiki ya tano alichuma sukuma ya kwanza, hakunung'unika tena.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Siku ya kumi na moja maji yalitanda ukungu tena, nami nikataka kulia. Mkono uliniwasha kuyamwaga yote. Nilijizuia. Mwalimu alikuwa amenionya kwamba bakteria wakianza kuongezeka maji huweza kupata weupe, na kwamba weupe huo huondoka wenyewe usipowasumbua. Usiku mmoja stima ilipotea saa nne, pampu ikanyamaza. Niliketi na kikombe, nachota maji na kuyamimina kutoka juu ili hewa iingie, nachota namimina, hadi stima iliporudi karibu saa saba. Ndugu yangu alikuwa amelala miguuni pangu. Tangi tulilihamisha pia kutoka dirishani, maana jua la asubuhi lilikuwa limeanza kuotesha mwani wa kijani kwenye kioo. Sponji nikawa naikamua mara moja kwa mwezi, ndani ya maji yale yale niliyoyatoa kwenye tangi, kidogo tu, iachwe na kahawia yake.

Lakini nimetangulia mbele ya kisa. Jumapili ile baada ya kumwambia Mama, Mjomba alipiga simu kama kawaida yake. Mama alinipa simu bila neno.

"Mjomba," nikasema, "Sultani na Bibi walikufa. Ni mimi niliyewaua kwa kutojua. Ile picha ilikuwa ya zamani. Nisamehe."

Kimya. Nilisikia gari likipita huko aliko.

"Pilipili yupo?" akauliza.

"Yupo. Na Chungwa."

Kimya tena. Nilingoja matusi, ambayo kwa kweli Mjomba hana. Akasema, "Mpe mama yako simu."

Nilijua ananishtaki. Mama alitoka nje na simu, akafunga mlango. Alikaa huko muda mrefu, chai ikapoa. Aliporudi alikuwa anajipangusa macho kwa ncha ya leso, akaketi.

"Mjomba wako," akasema, "hajalipwa miezi mitatu."

Picha zile za ghorofa zilikuwa za wiki yake ya kwanza. Alikuwa akizituma moja moja ili tusiwe na wasiwasi, huku yeye na wenzake wakichangia mchele. Alimwambia Mama kwamba hakukusudia kusema, lakini mtoto alipofungua mdomo wake, yeye mtu mzima alishindwa kuufunga wake.

Sikulala usiku ule. Nilikuwa nimezitazama picha zile mara nyingi nikisifu vioo vinavyong'aa nyuma yake. Uso wake mwenyewe sikuwa nimeutazama.

Wiki iliyofuata Mama na chama chake walifanya mchango mdogo wakamtumia. Naye akaenda pamoja na wenzake kwenye ubalozi wetu mjini Doha kuulizia haki yao. Ninapoandika haya amelipwa miezi miwili, mmoja bado. Siku hizi hutuma picha nyingine: sufuria lao la mchele, soksi zake zilizotoboka, chumba chenye vitanda vya ghorofa. Mama huzipenda zaidi.

Ndugu yangu naye nilimwambia ukweli kuhusu rafiki mwenye tangi kubwa. Alinikasirikia siku mbili. Kisha akataka aonyeshwe gunia, na tangu hapo ndiye humwagilia lile la kulia. Chakula cha samaki tulikificha juu ya kabati, lakini kila jioni humpa Pilipili na Chungwa chembe anazohesabu mwenyewe kwa sauti.

Wenzangu, sisi wanafunzi tunapenda kuonekana tuko sawa. Sare imepigwa pasi, daftari limefunikwa vizuri, na ukiulizwa hali unajibu poa. Mimi sasa nikilitazama tangi siishii kwenye maji. Natazama samaki anavyopumua, kama yuko chini anazunguka au yuko juu anatweta. Nanusa. Nagusa sponji. Usione vyaelea, vimeundwa, na vinavyoviunda mara nyingi havionekani.

Maji yetu leo ni maangavu tena. Yalichukua wiki saba. Mkataba wa Mjomba unakwisha mwakani, panapo majaliwa, naye atarudi na kuwakuta wawili badala ya wanne. Anajua.